Nadhiri ya Kudumu Mahali Pamoja

Tangu zamani watu wenye kutafuta mambo ya juu wamependa kupanda milimani. Musa alipanda Sinai, na Eliya alikwenda mpaka Horebu. Hata wasiomjua Kristo wamefanya vivyo hivyo. Katika milima ya Himalaya, iliyo mirefu kupita yote duniani, watawa wa dini ya Budha wamejenga nyumba zao mahali ambapo mgeni huona taabu hata kuvuta pumzi. Monasteri ya Tengboche, katika nchi ya Nepal, iko meta 3,800 hivi juu ya bahari. Msafiri hupanda kwa miguu siku kadhaa, akipita mji mdogo wa Namche, kabla ya kuliona paa lake.

Sisi wa Bihambwe hatuna nauli ya kufika huko. Lakini tunayo milima yetu ya Masisi, ambayo vilele vyake vinapita meta 2,000, na katika milima hiyo pana watawa pia. Ni Watrapisti wa Mokoto. Mwaka 1954 watawa wa abasia ya Scourmont, katika Ubelgiji, walikuja kuanzisha nyumba hiyo karibu na maziwa madogo ya Mokoto. Wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yaani kusali, kufanya kazi ya mikono, kunyamaza, na kumpokea mgeni kama kumpokea Kristo mwenyewe.

Kiangazi kimoja, barabara zilipokuwa zikipitika, tuliondoka Bihambwe watu wanne: makatekista wawili na vijana wawili waliotaka kuyaona maisha ya utawa. Tulishuka kupitia Mushaki mpaka Sake, tukapanda tena njia ya Kitchanga. Pande zote ni malisho, ng'ombe na mashamba ya maharage. Vijana walitupita wakiteremka na chukudu zao zilizojaa viazi. Mbele ya Kitchanga tuliiacha barabara kubwa, na jioni baridi ikatushika kabla hatujafika.

Bruda wa wageni alitupokea mlangoni. "Karibuni, Walimu. Karibuni, watoto. Mmetembea sana." Hakutuuliza kabila wala ukoo. Alituletea maji ya moto, akatupa viazi na maharage, akatuonyesha vitanda. Baada ya sala ya mwisho ya jioni nyumba yote ilinyamaza. Kabla jogoo hajawika kengele ililia. Tulijifunika mablanketi, tukaenda kanisani, tukawakuta watawa wamekwisha kuanza zaburi, upande mmoja ukiimba na upande wa pili ukijibu, bila haraka. Vijana wetu, ambao nyumbani husinzia kwenye rozari, hawakusinzia.

Asubuhi kijana mmoja alimwuliza Bruda swali ambalo sisi wakubwa tuliliogopa. "Bruda, watu waliuawa hapa. Kwa nini mmerudi?"

Kijana alisema kweli. Mwezi wa Mei 1996, wakati Masisi ilipowaka moto, mamia ya Watutsi waliofukuzwa vijijini walikuwa wamekimbilia kwa watawa. Watu wenye silaha wakaja, wakaua wengi, hata ndani ya kanisa. Watawa wakapoteza nyumba yao, wakatawanyika. Baadaye wakakusanyika Keshero, karibu na Goma, na kidogo kidogo wengine wakarudi mlimani.

Bruda alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tunaweka nadhiri ya kudumu mahali pamoja na ndugu wale wale mpaka kufa. Waliouawa walikuwa jirani zetu. Waliowaua nao ni jirani zetu. Tungekwenda kuwaombea wapi?"

Kijana akauliza tena, "Na mlipokuwa mmekimbia, nadhiri ilivunjika?"

"Tulikimbia na ndugu zetu, tukasali zaburi zile zile. Nyumba ni ya mawe. Nadhiri si ya mawe."

Neno hilo tumelifikiri sana tangu siku ile. Mwezi ule ule wa Mei 1996, Watrapisti saba wa Tibhirine, katika milima ya Aljeria, waliuawa baada ya kutekwa nyara. Walikuwa wameonywa waondoke, wakachagua kubaki na jirani zao Waislamu. Mwaka 2018 Kanisa liliwatangaza kuwa wenye heri. Wale walibaki wakafa. Wa Mokoto waliondoka wakarudi. Nadhiri ni moja, na wote waliishika.

Na Wabudha wa Himalaya wanaijua njia hiyo. Dalai Lama alikimbia Tibet mwaka 1959, na watawa wengi wakavuka milima nyuma yake. Monasteri kubwa za Sera, Drepung na Ganden zilianzishwa upya kusini mwa India, katika joto, mbali na theluji. Huko huko uhamishoni, Novemba 1968, Mtrapisti mmoja Mwamerika, Padre Thomas Merton, alikwenda Dharamsala kuongea na Dalai Lama juu ya sala na maisha ya mtawa. Merton alifariki Bangkok Desemba 10 ya mwaka huo. Lakini Julai 1996, miezi miwili tu baada ya damu ya Mokoto, Dalai Lama alifika katika monasteri ya Merton, Gethsemani, Marekani, akaketi siku kadhaa na watawa wa Kibudha na wa Kikristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kutufundisha mwaka 1965 tusikatae lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tumekimbia zaidi ya mara moja. Tumelala chini ya maturubai, tumeacha mashamba yakiwa na mazao. Hakuna awezaye kutuahidi kwamba hatutakimbia tena. Lakini tunaweza kuahidi jambo moja: popote tutakapolala tutasali pamoja, na jirani tutamhesabu kuwa jirani, hata akiwa wa lugha nyingine. Tukipoteza nyumba, tutajenga nyingine. Tukimpoteza jirani kwa chuki yetu wenyewe, hata tukirudi vilimani kwetu tutakuwa bado wakimbizi.