Mfuko Uuvikao Moyo

Moyo haukai wazi kifuani. Umevikwa mfuko wenye ngozi mbili nyembamba, na baina yake mna maji machache, mililita 15 hadi 50, ili moyo upige pasipo kukwaruzwa. Mfuko huo ukiingiwa na uvimbe wa ugonjwa, mtu huchomwa kifuani kama kwa kisu. Akilala chali maumivu huzidi, akiketi na kuinama mbele hupungua.

Mwalimu mwenzetu alipatwa na maradhi haya, nasi tuliomwuguza tulisikia mengi. Huyu alisema ni huzuni ya kufiwa, yule alisema amerogwa. Daktari hakumkemea mtu. Alisema, “Jina la ugonjwa tunalo, sasa twamtafuta aliyeuleta.”

Tukajifunza ya kuwa wawezao kuuleta ni wengi. Pengine ni virusi, kama viletavyo mafua, na mgonjwa hupona kwa majuma machache. Pengine figo zimeshindwa kazi, na taka zimebaki katika damu. Kadhalika saratani, jeraha la kifua, na maradhi ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Lakini katika nchi zetu za Afrika mshukiwa mkubwa ni kifua kikuu, hasa kwa mwenye virusi vya UKIMWI. Wengi hudhani kifua kikuu hukaa mapafuni tu. Kumbe huufikia hata mfuko wa moyo, na mgonjwa huenda asikohoe kamwe.

Daktari alipouliza habari za homa na jasho la usiku, mwenzetu alinyamaza kitambo, kisha akakiri. Alikuwa akiyaficha kwa miezi, akiogopa kutengwa. Mficha maradhi kilio humfichua! Picha ilionyesha maji mengi yakiubana moyo. Yakatolewa kwa sindano, yakapimwa, na ndani yake vikapatikana vijidudu vile alivyovitangaza Robert Koch mjini Berlin mwaka 1882. Akatumia dawa miezi 6 pasipo kuruka siku, akarudi darasani.

Basi, wasomaji, kutafuta chanzo si udadisi mtupu. Dawa ya kutuliza maumivu ingalimpa usingizi, na kifua kikuu kingaliendelea na kazi yake, hata mfuko ukakakamaa na kuukaba moyo. Atuulizaye maswali mengi kitandani hatupotezei wakati; yafaa tumjibu yote, hata yale tuyaoneayo haya.