Mabati Yetu na Kosa Letu

Sisi wa Bukavu twaijua mvua. Huanza mwezi wa tisa, na mara nyingi asubuhi ukungu hufunika vilima vya ziwa Kivu. Majira hayo tulinunua mabati 24 kwa akiba ya miaka miwili. Fedha ya saruji ikapunguka. Basi tukayalaza mabati uani, moja juu ya jingine, tukayafunika kwa turubai na kuifunga vema pande zote. Tukajisifu kwa uangalifu wetu.

Baada ya miezi miwili tukafunua. Kumbe! Mabati yaliyong'aa yamejaa madoa meupe, na unga kama wa muhogo wabaki mikononi. Tukamwendea mwenye duka, tukamwita mdanganyifu mbele ya watu. Yeye akanyamaza.

Siku ya pili mzee mmoja, fundi wa kuezeka, akayatazama, akasema: «Wanangu, mwenye duka hana kosa. Ninyi mmeyanyima hewa.»

Ndivyo ilivyo. Bati ni chuma kilichovikwa zinki. Sorel, Mfaransa, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1837: chuma huzamishwa katika zinki iliyoyeyushwa, yenye moto wa digrii 450 hivi. Bati lililo juu ya paa hunyeshewa, kisha hukauka. Na kwa kaboni iliyomo hewani zinki hujifanyia ngozi ngumu ya kijivu. Ngozi hiyo ndiyo ngao yake.

Lakini mabati yaliyolaliana hunasa maji katikati. Hewa haipiti, ngozi haifanyiki, na zinki hugeuka unga mweupe usioweza kuikinga. Turubai iliyofungwa haisaidii kitu: jua la mchana huinua mvuke kutoka ardhini, na baridi ya usiku huugeuza kuwa umande juu ya mabati. Tena, unyevu wa hewa ukipita sehemu 60 kwa 100, kutu huenda mbio zaidi. Nasi wakati wa mvua hupita kipimo hicho siku nyingi.

Tukayatenganisha, tukayakausha, tukayasugua kwa brashi isiyo ya chuma. Mabati 19 yakapona. Matano ya chini yalikuwa yameliwa hata kutu nyekundu ikatokea. Hayo yakawa paa la banda la mbuzi.

Kisha tukarudi dukani, saa ile ile ya watu wengi, tukaomba radhi kwa sauti. Mwenye duka alitupa mkono. Lakini neno tulilolitupa halikusuguliwa kwa brashi. Wako waliolisikia la kwanza wasisikie la pili.

Basi, ninyi mnaojenga, yawekeni mabati chini ya kipaa kilicho wazi pembeni, juu ya magogo, upande mmoja uinuke ili maji yashuke, na vijiti vikavu katikati yake. Na mkiona doa, chunguzeni kwanza nyumbani kwenu.