Stima Ilipopotea Nikiwa Ndani ya Seva

Leo niwape kisa cha hapa Eldoret.

Laptopu yangu ni ya Windows, seva ya mteja ni ya Linux na iko mbali. Tangu chuoni nilikuwa nikiingia kwa PuTTY, programu ya bure ya Simon Tatham. Usiku mmoja nikihamisha rekodi za mteja, stima ikapotea. Ruta ikazima, mawasiliano yakakatika, kazi ikafa katikati. Nusu ya rekodi huku, nusu kule! Nilikesha nikizipanga upya.

Kosa halikuwa la PuTTY. Amri niliyoianzisha ilitegemea mawasiliano yangu. Yalipokufa, nayo ikafa.

Siku hizi natumia OpenSSH, ambayo Windows 10 ilianza kuja nayo mwaka 2018, kwa hiyo amri ni zilezile za Linux na Mac. Nikifika kwenye seva, kwanza naandika tmux. Hapo hata nikitoweka, kazi inaendelea kule kule. Nikirudi naandika "tmux attach", naikuta ilipofika.

Basi ukichagua chombo, jiulize: stima ikipotea sasa hivi, kazi yangu itakuwa wapi?