Nyumba ya Majiko Sita

Mwaka 2012 tulinunua nyumba yetu ya kwanza, Ngamiani, mjini Tanga. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi mtaani kwetu: baraza mbele, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Warithi walikuwa wakipangisha chumba kimoja kimoja. Wapangaji walipohama, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukakabidhiwa funguo.

Mke wangu hakutazama paa wala kuta. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha pili kushoto, akapitisha kidole kwenye fremu. Kila mpangaji alikuja na komeo lake, akaondoka nalo. Matundu ya misumari na skrubu yalianzia usawa wa kiuno hadi begani, mengine yamezibwa kwa sabuni, mengine kwa njiti za kiberiti. Nyumba hii ilizoea majiko sita. Sasa tulitaka iwe ya jiko moja.

Paa halikutusumbua. Bati zilikuwa zimeliwa na kutu, lakini boriti za mikoko zilizozibeba, fundi alipozigonga kwa nyundo, zilitoa mlio mkavu wa mti mzima. Zikabaki. Ndugu zangu wa Dar walitaka tuezeke bati za msauzi. Tukaezeka za kawaida, geji 28, na fedha iliyobaki ikaenda kwenye kuta.

Kuta ndizo zilizotutoa jasho. Zilijengwa kwa miti na fito, zikajazwa mawe na udongo, zikakandikwa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Baadaye saruji ikawa jambo la jirani, maana kiwanda cha Pongwe kipo tangu 1980, na mwenye nyumba wa wakati huo akapiga lipu ya saruji nje kote. Bila shaka ilipendeza. Tatizo ni kwamba udongo hutanuka ukilowa na kunywea ukikauka, ilhali saruji haisogei, kwa hiyo hupasuka. Masika yakija, maji hupenya kwenye nyufa na hayapati pa kutokea. Chokaa ingeyaruhusu yakauke polepole. Saruji huyafungia ndani. Miti ikaoza, na mchwa hawahitaji barua ya mwaliko.

Jirani alituletea fundi mzee. Akachomeka ncha ya mwiko kwenye ufa chini ya dirisha, akainua, na lipu ikabanduka kipande kizima. Nyuma yake udongo ulikuwa mweusi, mbichi, na ufito mmoja ukasagika vidoleni mwake.

“Mwanangu,” akasema, “hii nyumba wameivalisha koti la mvua ikiwa imeshalowa.”

Fundi kijana tuliyekuwa naye alishauri tubomoe yote, tupandishe tofali. Hesabu zake hazikuwa za kijinga: tofali huenda haraka, na kila fundi anazijua. Ukuta wa nyuma, upande wa bafu, tulimkubalia; ulikuwa umekwisha. Akachimba msingi, akamwaga zege, akapandisha. Kuta nyingine tulizibandua saruji, tukaziacha zikauke kiangazi chote, tukabadilisha miti mibovu, tukakandika upya na kupiga lipu ya chokaa na mchanga. Chokaa ina kero zake. Lazima uiloweke mapema, inaunguza mikono, na ukiiharakisha inakutia aibu. Vijana hawaipendi. Miezi hiyo tuliishi kwa shemeji yangu, ambaye alianza kuuliza maendeleo ya ujenzi kwa sauti ya mtu anayehesabu siku.

Ndani, tulitoa ukuta kati ya vyumba viwili vya nyuma, upande wa kulia, tukapata sebule, baada ya fundi mzee kuweka nguzo na mhimili wa kubeba boriti. Gesi ikaingia ndani. Mkaa ulibaki uani, kwa amri ya mama mkwe: maharage, alisema, hayapikwi kwa haraka za mjini.

Baraza ndilo lililoleta ubishi. Wengi mtaani wameshabomoa yao wakajenga ukuta na geti, na sababu wanazo: wizi, vumbi, pikipiki. Mimi nilikataa. Nyumba ya Ngamiani isiyo na baraza naiona imewageuzia majirani mgongo. Gharama yake naijua pia, kwa kuwa wacheza bao hawajui saa nne ya usiku ni saa gani.

Chumba cha mbele kulia, chenye dirisha la barazani, tumempangisha fundi cherehani. Kodi yake ndiyo iliyonunua vigae vya bafuni. Sasa ameomba mita yake mwenyewe ya umeme, nami namuunga mkono, maana pasi yake na friji yetu haviwezi kuelewana kwenye LUKU moja.