Kabla ya Kulima Ngitili

Likizo iliyopita, nyumbani kijijini Bariadi, baba alitaka kulima ngitili yetu yote apande pamba. Kwa sisi Wasukuma, ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, nyasi zinapokwisha kwingine. Baba alihitaji fedha, zikiwemo za ada yangu ya seminari. Nilikubali upesi.

Mama akauliza taratibu: “Baba watoto, mwezi wa kumi ng’ombe watakula nini? Na kuni nitazifuata wapi?”

Tukanyamaza. Tulikuwa tumepiga hesabu ya pamba bila kumwuliza mbeba kuni wala mdogo wangu anayechunga.

Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha mradi wa HASHI kurudisha miti iliyokwisha kufyekwa. Ngitili zilifufuka kwa sababu wanavijiji walishirikishwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na Papa Fransisko, katika Laudato Si’ (2015), alisisitiza wenyeji wapewe nafasi ya pekee katika majadiliano.

Jioni ile tulikaa wote, hata mdogo wangu. Tukalima pembe moja tu. Ada yangu ikatoka kwa dume mmoja aliyeuzwa mnadani.

Ndugu zangu, kesho tutakabidhiwa mashamba ya parokia. Kabla ya kuamua, tumwulize anayechunga na anayebeba kuni.