Vakansi ya Mississippi

Mwanafunzi arudipo nyumbani siku za vakansi, mama humpikia chakula kizuri, wadogo zake humzunguka, na baba humwuliza habari za masomo. Kupumzika ni haki yake. Lakini leo twende mbali, kusini mwa Marekani, katika jimbo la Mississippi, tukatazame vakansi ya namna nyingine, waliyoifanya vijana wa universite mwaka 1964.

Mississippi ni nchi ya joto na ya pamba. Mto mkubwa wenye jina hilohilo hupita mpakani upande wa magharibi, na karibu yake ni uwanda mpana uitwao Delta, wenye udongo mzito na rutuba tele. Siku zile watoto wengi weusi wa Delta walisoma hata katika miezi ya joto, ili shule zao zifungwe wakati wa kuchuma pamba. Wazazi wao walizuiwa kupiga kura kwa hila na vitisho, hata katika kila watu weusi 100 wenye umri wa kura hawakutimia 7 walioandikwa.

Basi vyama vilivyopigania haki za watu weusi viliwaita wanafunzi waje kusaidia. Waliitika wapata elfu moja, wengi wao Wazungu wa kaskazini. Kila mmoja aliambiwa awe na dola 500 za dhamana, maana ilijulikana kwamba polisi wangeweza kumfunga. Hiyo si fedha ya matembezi! Walikusanyika kwanza Oxford, mji mdogo wa jimbo la Ohio, wakafundishwa hata namna ya kukinga kichwa wakipigwa.

Tarehe 21 Juni, siku waliokusudiwa kuwa walimu walipoanza mafunzo yao, vijana watatu walikwenda kutazama kanisa la Longdale, huko Mississippi. Kanisa hilo lilikuwa limekubali kuwa shule, nalo likachomwa moto siku tano mbele. Hao watatu walikuwa James Chaney, mtu mweusi wa mji wa Meridian, pamoja na Wazungu wawili, Michael Schwerner na Andrew Goodman. Goodman alikuwa mwanafunzi wa miaka 20, na Oxford aliiacha jana yake tu. Hawakuonekana tena. Walimu wale waliposikia, waliambiwa kwamba atakaye kurudi kwao arudi, hakuna wa kumcheka. Walio wengi walipanda basi kwenda kusini. Fikirini mioyo ya mama zao!

Walikofika, madarasa yalikuwa vyumba vya chini vya makanisa, baraza za nyumba, na pengine kivuli cha mti. Walilala kwa familia nyeusi, wakala chakula chao. Mimi naona ujasiri wa wenyeji hao ulipita ule wa wageni, kwa kuwa mgeni alikuwa na kwao pa kurudia, bali mwenyeji angeweza kupoteza kazi na nyumba, tena mlemle kijijini.

Katika mji wa Hattiesburg walitazamia wanafunzi kama 75. Wakajiandikisha zaidi ya 500. Miongoni mwao alikuwamo mzee wa miaka 82 aliyejifunza kusoma peke yake, na sasa alitaka kujua jinsi ya kuijaza karatasi ya kuomba kupiga kura. Mji wa McComb ulikuwa mgumu zaidi. Huko nyumba ya wafanyakazi wa uhuru ililipuliwa kwa baruti tarehe 8 Juli, na makanisa yakaogopa kufungua milango. Wakasomea nje, juu ya majani. Ndipo msichana mmoja wa miaka 16 akatunga shairi la kuwalaumu wazee kwa woga wao. Nao waliposomewa, waliona haya, wakatoa mahali.

Shule hizo, zilizoitwa Shule za Uhuru, zilipita 40, na wanafunzi wake walizidi 2,000. Walifundishwa historia ya watu weusi, hesabu, kupiga chapa kwa mashine, na Kifaransa, ambacho wengi walikililia kwa sababu shule zao hazikukitoa. (Watoto wetu wanaoumwa kichwa na Kifaransa watashangaa.) Lakini kazi kubwa ilikuwa kuuliza. Mwalimu hakusimama kuhutubu. Aliuliza kwa nini barabara ya Wazungu ina lami na yenu ina vumbi, na ni mambo gani ya Wazungu mnayoyatamani, na ni yapi msiyoyataka kabisa. Watoto waliozoea kunyamaza mbele ya mkubwa walijibu, na mwalimu wa miaka 20 akajikuta ndiye mwanafunzi.

Tarehe 4 Agosti miili ya wale watatu ilifukuliwa chini ya boma la udongo la bwawa. Siku chache baadaye wajumbe wa shule zote walikutana Meridian, mji wa marehemu Chaney, wakaandika wenyewe madai yao: shule zilizo sawa, nyumba bora, kazi, na kura.

Vakansi ikaisha. Walimu wengine walibaki. Wengi walirudi kwenye vitabu vyao. Na wanafunzi wa Delta waliingia shambani, kwa maana pamba ilikuwa imekwisha kupasuka.