Gitaa Lililolipa Deni la Jirani

Kila mtu ana jambo moja analolifanya bila kuamriwa wala kulipwa. Mmoja hupanda maua, mwingine hufuga njiwa, mwingine hushona vitambaa vya meza. Mimi napenda gitaa. Nami si wa kwanza katika mji wetu wa Likasi, maana ni hapa hapa, mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco, na nyimbo zake zikasikika hata Kenya.

Kila jioni nilikaa mlangoni nikapiga mpaka giza liingie. Mama watoto alikuwa akiniambia, «Baba, gitaa hilo linakula saa zako, wala halimlishi mtu.» Sikuwa na jibu.

Ikawa jirani yetu mmoja alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto alikuwa mzima, na mama vilevile. Lakini hakuruhusiwa kutoka hospitalini, kwa kuwa deni lilikuwa halijalipwa. Majuma mawili alizuiliwa pale, na kila siku ikaongeza deni. Si haki mama kuwa mfungwa kwa sababu ya umaskini. Katika shirika letu tulimwombea, tukatoa mchango. Haukufika hata nusu.

Usiku ule nilikumbuka habari za daktari Albert Schweitzer, Mprotestanti wa Alsace, aliyekuwa fundi wa kinanda cha kanisa. Mwaka 1913 alipokwenda kuanzisha hospitali huko Lambaréné, nchini Gabon, sehemu ya fedha aliipata kwa kupiga kinanda mbele ya watu na kwa kitabu alichoandika juu ya muziki wa Bach. Vita vikuu vya kwanza vilimwacha na madeni. Akazunguka miji ya Ulaya akipiga kinanda na kufundisha, akayalipa, na mwaka 1924 akarudi Gabon. Alipopewa tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 1952, fedha zake alizitumia kwa kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Alikosea alipomhesabu Mwafrika kuwa ndugu mdogo tu. Lakini mfano wa mikono yake ni mwema. Kitu alichokipenda hakukiacha. Alikitia kazini kwa ajili ya wengine.

Basi, nilimwomba padri ukumbi wa parokia kwa Jumapili alasiri. Nilichagua nyimbo peke yangu, nikasimama mbele peke yangu, nikapokea fedha na kuzitia katika mfuko wangu mwenyewe. Watu walifurahi sana. Lakini kesho yake yalianza manung'uniko: Zimepatikana ngapi? Ziko wapi? Nilikasirika, nikalitundika gitaa ukutani, nikaapa kutolishika tena.

Mzee mmoja wa shirika alinijia jioni. Akasema kwa upole, «Mwanangu, watu hawalikatai gitaa lako. Wanaukataa mfuko wako.»

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Sikuwa nimeiba hata faranga moja, lakini nilitaka sifa iwe yangu pamoja na hesabu. Siku iliyofuata nilizimwaga fedha zote mezani mbele ya shirika. Tukachagua mama wawili wa kuzihesabu na kuzitunza. Vijana walipewa kazi ya kuimba, na hesabu ikaandikwa katika karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kanisa. Jumapili ya pili mimi nilikaa pembeni, nikapiga tu. Siku ile fedha zilizidi zile za kwanza, maana kila mmoja alileta jamaa yake kusikiliza kazi yao wote. Jumanne jirani yetu alirudi nyumbani, mtoto mgongoni.

Tangu hapo tunafanya hivyo mara kadhaa kwa mwaka, ili mama wasio na kitu wapate kulipiwa uzazi. Mwaka huu niliugua siku yenyewe ilipokaribia. Nilidhani itaahirishwa. Kumbe vijana wawili niliowafundisha walipiga bila mimi, na karatasi ikabandikwa mlangoni kama kawaida. Nikiwa kitandani niliona wivu kidogo, kisha nikamshukuru Mungu. Kiongozi ambaye kazi yake hufa siku anapougua, hakuongoza, alijionyesha tu.

Na mama watoto? Siku hizi ndiye anayelitoa gitaa ukutani na kunikabidhi: «Baba, umefanya mazoezi?»

Nanyi baba na mama wa jamaa, Mungu alimwuliza Musa habari ya fimbo tu, kitu cha kila siku kilichokuwa mkononi mwake. Tazameni mikononi mwenu. Yule afugaye njiwa, yule ashonaye vitambaa, kila mmoja anacho kitu cha kuanzia. Lakini mfuko, ndugu zangu, wapeni wengine waushike.